Kompilateri Imezungushia Ua Neno "Kilima"

Kwa Papa Sébastien, mwenye kompilateri, Goma

Papa,

Pokea heshima zetu. Mimi ni mwandishi wa habari wa redio ya hapa Masisi. Nimeripoti magomvi mengi ya ardhi. Hili ni la kwanza ambalo mshitakiwa ni mashini.

Binti ya ndugu yangu, Tuyizere, anaandikia ushirika wetu wa maharagi programu ya kuonyesha kila gunia limetoka kilima gani. Wanunuzi wa Bweremana hawachukui gunia lisilojulikana limetoka wapi, na lori linaondoka Jumamosi. Mjane Epiphanie ana magunia humo. Ndiyo ada ya shule ya wanawe. Tuyizere alipojaribu kutumia jina "kilima", kompilateri yako, ile inayogeuza maandishi kuwa programu, ilikataa: neno limehifadhiwa. Tunalalamika hivi:

1. Tuyizere alitafuta katika maelezo yako kazi ya neno hilo. Halina kazi. Umeliweka kwa ajili ya siku za mbele. Kwetu, mtu akizungushia ua ardhi asiyoilima, majirani humuuliza.

2. Tuliuliza kwa desturi. Tuliipelekea mashini kidumu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kama apelekewavyo chefu wa kijiji anapoombwa shamba. Mama Epiphanie akaiambia: "Papa Mashini, sisi hatuko wezi. Kilima njo chakula yetu. Tuache tulime, nyuma ya kuvuna tutakurudishia." Ikatoa kosa lilelile. Kasiksi tuliinywa wenyewe, hilo hatulilalamikii.

3. Leo ni kilima. Kesho utahifadhi "maharagi", kesho kutwa "mama", na watoto hawataweza kuita mtu jikoni bila ruhusa kutoka Goma.

4. Basi neno lipimwe, ligawanywe. Ukoo wa Hakorimana uchukue k na l. Wa Dusabimana, m na a. Herufi i ziko mbili: apewe Mama Epiphanie zote, kwa kuwa zinafanana na hazitagombanisha wanawe.

Ukikataa, tutakuja na majembe. Utuonyeshe tu neno liko upande gani wa nyumba.

Msalimie mkeo Mama Astrid, watoto, majirani, na mashini yenyewe; kesi haiondoi adabu.

Ni mimi, ninayengoja mipaka,
Théophile Ndagijimana

N.B. Barua hii ikiwa bado inangoja pikipiki, Tuyizere aliandika "mulima" badala ya "kilima". Mashini ilikubali papo hapo, na magunia yote yameuzwa Bweremana. Sasa tunaomba uhifadhi "mulima" kwa ajili ya Masisi peke yake, kabla majirani zetu wa Ntoto hawajaliona. Hatutalitumia mpaka mavuno yajayo, lakini lisiguswe.