Kibali cha Ngome Mbili

"Wale wa klabu ya Santa Katarina wakipiga fataki kutoka Ngome ya Juu, mimi navua aproni hii nahamia Sicily," alisema Nazzareno buchani kwake, huku akimkatakata sungura kwa hasira ambayo sungura hakuichokoza.

Leli Zerafa, mwenye tai na kitambulisho alichojitengenezea mwenyewe, alimwomba ashushe sauti. Serikali ilikuwa imeamua. Ofisi ya Nyufa za Kihistoria ilikuwa imepima kuta, na mwaka huu klabu moja tu ndiyo ingepewa ngome zote mbili, ya Juu na ya Chini. Nyingine ingemsherehekea mtakatifu wake kwa kupiga makofi.

Kila mtu mjini kwetu anajua kwamba San Rokku hupiga fataki Ngome ya Juu na Santa Katarina Ngome ya Chini, na polisi huwaruhusu wote. Lakini Nazzareno, mwenyekiti wa San Rokku, aliposikia kwamba mahasimu wake wangeweza kukaa kimya sikukuu nzima, akili ilimtoka. Alitoa bahasha ya fedha za paa la klabu, paa linalovujia matarumbeta tangu nikiwa sijaolewa, akamkabidhi Leli. Akapewa karatasi yenye mihuri mingi kuliko maneno.

Mwizi mwenye busara angekwenda moja kwa moja bandarini. Leli alishuka hadi duka la keki la Bi Filomena, mwenyekiti wa Santa Katarina, amuuzie kibali kilekile. Boti ya Sicily ilikuwa ya jioni, na bahasha moja ilimwelemea mfuko upande mmoja tu.

Filomena alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza ni mtoto wa nani. Leli akasema yeye ni mtu wa Gozo, kisiwa cha jirani, hana upande. Mama yule akaendelea kupanga keki huku akipiga mluzi, wimbo wa maandamano wa San Rokku. Alipofika katikati akanyamaza. Vidole vya Leli viliendelea kugonga kaunta mpaka mwisho wa ubeti.

"Mtu wa Gozo," alisema Filomena. "Babu yako alibeba sanamu ya San Rokku bega la kushoto. Una masikio yake."

Leli akatazama mlango.

"Usikimbie, mwanangu. Umechelewa tu. Mpwa wangu yuko Ofisi ya Nyufa. Kibali cha kweli ninacho tangu Januari, ngome zote mbili." Akainua karatasi kutoka kwenye droo, kidole gumba kikifunika kichwa chake.

Leli aliibuni ofisi hiyo asubuhi ileile, akinyoa ndevu. Mtu mwenye akili zake angecheka. Yeye jasho lilimtoka. Aliona sanamu ya San Rokku ikitoka kanisani bila hata mlio mmoja, na wale wa Katarina wakipunga leso kutoka Ngome ya Juu.

"Bi Filomena, hiyo si haki. Mimi nimeibia watu wengi, lakini hilo ni dhambi."

"Basi nunua."

"Ninunue nini?"

"Ngome ya Juu. Nawarudishia wenzako, kwa hicho kilichokuvimba mfukoni."

Nje, boti ya Sicily ilipiga honi. Leli alieleza kwamba hana kazi, kwamba mwenye nyumba amembadilishia kufuli, kwamba bahasha ile ilikuwa maisha mapya. Filomena alimwambia kwamba maisha mapya ni jambo zuri sana, hasa Sicily, ambako mtu hasikii wanavyomcheka San Rokku.

Leli akaitupa bahasha kaunta. Filomena akachana kifuniko cha sanduku la keki, akaandika kwamba anaiachia San Rokku Ngome ya Juu, akatia sahihi. Bingwa wa mihuri akakipokea kwa mikono miwili, akatoka mbio kupanda mlima kuelekea buchani, kinyume na bandari.

Filomena akairudisha karatasi yake kwenye droo. Ilikuwa leseni ya tanuri. Akanyanyua simu, akampigia fundi wa fataki.

"Oda ya Santa Katarina iongeze mara mbili," alisema. "Ndiyo, leo leo. San Rokku wameshalipa."