Vita vya Injinia na Kidevu cha Marehemu

Sogeeni, enyi mlio karibu, nanyi mlio mbali tegeni masikio, mpate habari za Injinia, simba wa karatasi, mtawala wa wino, ambaye chuo cha uinjinia alikipita kwa nje akienda kunyolewa.

Asubuhi ile aliingia katika duka lake la uchapaji binti aliyefiwa na mama. Alileta picha ya marehemu, ya rangi, iliyopigwa kivulini, itolewe kwa nyeusi na nyeupe juu ya ratiba ya mazishi. Maziko ni saa nane, na ukoo mzima ungeishika karatasi ile. Injinia akakalia kiti chake cha plastiki kwa madaha ya sultani, akachapa. Kumbe kivuli cha kidevuni kimeganda kuwa cheusi tii, na marehemu, Mungu amrehemu, ana ndevu.

"Kaka," binti akasema taratibu, "mama yangu hakuwa na ndevu."

"Ondoa shaka, dada yangu. Mimi nimepigana na printa ambazo mafundi wenzangu walizikimbia. Kivuli hiki leo kitapiga magoti mbele yako."

Akashambulia. Akaongeza mwanga, uso ukang'aa kwenye skrini kama sahani iliyooshwa, akachapa, ndevu. Akaongeza tena hadi skrini ikaumiza macho. Akachapa, ndevu zilezile, hazikupungua hata unywele. Akalaumu wino, akalaumu karatasi, akamlaumu mpiga picha, na alipoishiwa wa kumlaumu, mtu huyu asiye na haya akamgeukia mfiwa.

"Lakini una hakika hakuwa nazo hata kidogo?"

Binti akaanza kulia. "Dada zake wanatoka mbali, hawajamwona miaka mingi. Ndivyo watakavyomuaga?"

Hapo mke wa Injinia, aliyekuwa akipanga kalamu kwenye kaunta, akainua kichwa. "Baba Pacha, unaongeza mwanga wa skrini. Picha yenyewe hujaigusa."

Shujaa akakohoa. "Mke wangu, jemadari humpima adui kabla ya kumpiga."

"Haya, umeshampima. Saa saba hii."

Ndipo akaifungua picha yenyewe, akashika kirekebishio cha kung'arisha sehemu zenye kivuli, akakisogeza kidogo tu, upana wa punje ya mchele. Kivuli kikalainika, nywele zikabaki nyeusi, kidevu kikajitokeza. Printa ikanguruma, ikatema karatasi.

Binti akapitisha kidole gumba kidevuni. "Ndiye," akasema. "Ndiye mama."

Akasubiri nakala zake, akazikumbatia, akatoka mbio bila kuaga. Injinia akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akingoja kushangiliwa. Mkewe akamwambia apishe, anafagia.

Basi na itangazwe kwa vizazi vyote: siku ile, kwa ushujaa wa Injinia, au tuseme licha ya ushujaa huo, mama wa watu alizikwa bila ndevu.