Mashine Isiyomjua Mwenyewe

Njoro,
Jumatano asubuhi.

Kwa Bwana Kiptanui,
Muuzaji wa Vyombo Vilivyotumika,
Nakuru.

Shemeji mpendwa,

MINTARAFU: MASHINE YA KUTAFUTA CHUMA TULIYOBADILISHANA KWA KONDOO DUME

Natumai barua hii itakukuta mzima, na kondoo wangu pia. Nimekupigia simu mara tisa tangu Jumamosi. Kwa kuwa simu yako imezoea kuzimika inapoona jina langu, nimeona nirudi kwenye karatasi, ambayo haikatiki.

Mfanyabiashara mwenye wateja wengi kama wewe husahau, kwa hivyo acha nikukumbushe tulivyofika hapa. Nilipostaafu kiwandani nilihamia huku shambani, ekari mbili zilizokatwa kutoka shamba kubwa la mzungu. Jirani yangu ni Mugure, tunayemwita Mama Lynn, mjane. Kwa miaka sita Mama Lynn amekuwa akisema kwa upole kwamba ua wangu umeingia kwake hatua nne. Kwa miaka sita nami nimekuwa nikimjibu kwa sauti kubwa. Wapimaji walipogawa shamba waliweka bikoni, vile vigingi vya chuma, kwenye pembe, lakini zimefunikwa na udongo wa kulima na hakuna aliyejua ziko wapi. Nilipokueleza shida hiyo dukani kwako, ulinitolea mashine iliyo kuukuu kuliko ndoa yangu, ukapangusa vumbi kwa mkono wa shati, ukasema, "Shemeji, hii ikilia, wewe chimba. Haijawahi kudanganya mtu."

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mashine ni nzito. Lile sanduku lake hufungwa begani kwa mkanda ambao mtu wa kwanza kuuvaa lazima alikuwa farasi. Inakula betri nane za tochi. Ulinipa ikiwa na sita, na mbili kati ya hizo zilikuwa zimevimba. Haikuja na kitabu cha maelezo. Ulisema vile vitufe vitatu vya kuzungusha "vinajieleza." Nilikaa navyo siku nne na havikusema lolote.

2. Mashine haina adabu. Siku ya kwanza ililia kila nilipopiga hatua. Nikaamini nimesimama juu ya ghala la bunduki. Nilichimba mashimo kumi na moja, nikapata udongo katika yote. Dada yako Chepkorir alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe. Aliniacha nimalize shimo la kumi na moja ndipo akauliza, "Baba Nangila, hizo buti si zile za kiwanda, zenye chuma kwa vidole?" Nilizivua nikaendelea pekupeku. Wewe mwenyewe uliziangalia nilipokuja dukani, hata ukazisifu. Ulishindwa nini kuongeza neno moja?

3. Hata pekupeku, kelele haikuisha. Ilibidi niibebe mpaka kwa Omolo, fundi wa redio, ambaye hakupata kondoo wa mtu lakini alinifundisha bure yale ambayo wewe hukunifundisha. Alinieleza kwamba udongo wetu ni wa volkano, una chembe za chuma ndani yake, na mashine za zamani lazima kwanza zizoeshwe udongo. "Mzee, ishushe karibu na chini," akasema, "zungusha hiki kitufe cha katikati pole pole mpaka inyamaze. Ikilia tena, hicho sasa ni chuma." Nilifanya hivyo ikanyamaza. Nakiri kwamba nilifurahi sana, na furaha hiyo ndiyo iliyoniponza.

4. Ilianza kupata vitu. Vifuniko vya soda, jembe lisilo na mpini, kiatu cha farasi. Kwa sababu ya hicho kiatu, kikundi cha WhatsApp cha kijiji kilitangaza kwamba Makhanu amefukua dhahabu ya mzungu. Asubuhi iliyofuata nilikuta watu kumi na wanne ndani ya shamba langu. Mzee wa kijiji alikuja kulinda amani, akiwa na sepetu yake mwenyewe. Walinichimbia viazi vyote pasipo kudai malipo, kisha wakaondoka navyo.

5. Sasa nafikia kosa kubwa. Jumamosi nilipima kwa hatua mahali ambapo bikoni inapaswa kuwa kwa akili za mtu mwenye akili, yaani upande wa Mama Lynn. Niliomba ruhusa, akaniambia, "Tafuta tu, mzee." Nilipitisha mashine juu ya maharagwe yake: kimya. Nikarudi nyuma hadi chini ya ua: kimya. Nikaingia kwangu hatua moja, mbili, tatu. Hatua ya nne, nikishapita choo changu na mparachichi, ikalia.

Nilichimba hadi kiwiko. Kilikuwa kigingi cha chuma kilichokaa kwenye simiti. Na kabla sijakifunika, Mama Lynn akawa amesimama juu yangu na jagi la uji.

"Umepata, mzee?"

"Kifuniko cha sufuria," nikamjibu, nikakikanyaga.

Nusu saa nzima, shemeji, nilisimama kwa mguu mmoja ndani ya shimo, kisigino juu ya chuma baridi, huku Mama Lynn akinieleza habari za mvua, za bei ya mbolea, na za binti yake Lynn aliyepata kazi kwenye shamba la maua kule Naivasha. Mwishowe akasema, "Haya, ukimaliza na sufuria yako, uji uko hapa." Nilikunywa uji huo. Ulikuwa mtamu, lakini nilishindwa kuumaliza. Sijawahi kusumbuliwa na uji maishani mwangu, na nailaumu mashine.

Nakuuliza kwa heshima: kondoo alitoka boma la nani? Nani amekuwa akiinunulia betri? Je, mbwa akilishwa kwangu, humbwekea nani?

6. Niliipa nafasi ya kutubu. Nikaipeleka pembe ya pili ya shamba. Ikalia palepale, hatua nne ndani. Kwa hivyo, tukiifuata mashine yako, choo changu kiko kwa Mama Lynn, na kwa miaka sita nimekuwa nikienda msalani kwa jirani bila kubisha hodi. Banda la kuku ni lake. Mparachichi ni wake. Kila Krismasi mimi humpelekea ndoo ya maparachichi, naye hunishukuru na kuniombea baraka. Sasa eti nilikuwa nikimpa mali yake! Chombo kinachoweza kugeuza ukarimu wa mtu kuwa wizi hakifai kuuzwa kwa wazee.

Kwa hayo yote, naomba ufanye moja kati ya haya: uniletee mashine nyingine, changa kidogo, inayoweza kufunzwa heshima, au uje mwenyewe uketi na hii uielewanishe nami, au unirudishie kondoo wangu. Ukikataa, nitalifikisha jambo hili mbele ya wazee wa pande zote mbili, na nitavaa suti.

Msalimie mkeo Sally, na watoto, na mama mkwe wangu ambaye sina ugomvi naye. Wasalimie pia wauzaji wenzako wote hapo dukani, isipokuwa yule aliyecheka nilipouliza swichi iko wapi.

Ni mimi shemeji yako, kwa undugu na kwa uchungu,

Ezekiel Makhanu

Nyongeza, Ijumaa. Barua hii imekaa mfukoni siku mbili kwa sababu sikuwa napata usingizi wa kuniwezesha kwenda posta. Jana nilienda kwa Mama Lynn nikamwambia ile haikuwa sufuria. Akasema, "Mzee Makhanu, marehemu alinionyesha hiyo bikoni kabla hajaenda. Ningekuonyesha mimi, ungesema nimeizika jana." Na kweli, ndivyo ningesema. Tuling'oa ua mchana huo, mimi, yeye na Chepkorir. Choo ameniruhusu nitumie mpaka nichimbe kingine. Nimelala jana kama mtoto mchanga.

Kwa hivyo usilete chochote. Mashine ni nzuri, haidanganyi, na kondoo ni wako kwa haki. Nakuomba tu uwe nyumbani Jumamosi ya wiki ijayo. Tunakuja, mimi na mashine na dada yako. Anasema baba yenu alipowagawia shamba aliweka bikoni kando ya birika la ng'ombe, na kwamba ua wako umeipita zamani. Anaomba uwafunge mbwa mapema.