Lita Mia Mbili za Baba Mkwe

Jumamosi, 6 Agosti 1994
Nimefaulu! Leo nimefungua ndoo yangu ya bia ya Kijerumani. Lita ishirini, rangi ya dhahabu, povu la vidole viwili. Yule fundi Mjerumani wa mradi wa maji, aliyeniachia kitabu na vifurushi vya maua machungu ya hops alipokuwa anarudi kwao, angetokwa na machozi. Pudensiana, mke wangu, amekunywa glasi mbili, akasema si mbaya. Mwanamke aliyekulia kwenye mbege, pombe ya ndizi ya kwao Machame, akisema si mbaya, hiyo ni medali.

Jumapili, 7 Agosti
Baba mkwe amekubali kuja! Tarehe 28, kipaimara cha binti yetu Hope. Mzee Melkizedeki hajatia kitu mdomoni nyumbani kwangu tangu harusi yetu, miaka kumi na sita sasa. Siku ile mbege yangu iliisha kabla haijafika kwenye benchi la wazee wa upande wake. Pudensiana amelia kwa furaha jikoni, akidhani simwoni.

Safari hii bia haitaisha. Lita ishirini ni za kusukutua. Nataka mia mbili.

Isitoshe, Romanus, aliyemwoa dada yake Pudensiana, ametangaza kwamba ataleta bia za makopo kutoka ng'ambo. Tangu hili soko huria lianze, mtu huyu hana mazungumzo mengine.

Jumanne, 9 Agosti
Nimepata pipa mjini Arusha, mtaa wa Levolosi, kwa Jamaldini muuza mapipa. Lilikuwa la mafuta ya kula, nimelisugua kwa majivu mpaka mikono imechubuka. Aliniuliza kama ni la maji. Nikasema ndiyo, maji ya shayiri. Akatazama juu, akasema Mungu anisitiri, kisha akaniongezea mfuniko bure. Muungwana sana.

Jumamosi, 13 Agosti
Siku kubwa! Kila kitu mara kumi: kimea, hops, kuni, jasho. Kasoro moja tu: ikishachemka lazima ipoe upesi kabla ya kutiwa chachu, la sivyo itachacha. Ile ndoo niliipoza kwa kuiketisha mferejini, kwenye maji ya mlima Meru, baridi ya kung'oa kucha. Pipa likijaa halibebeki. Wanaume wanne tumelisukuma, halikutikisika.

Pudensiana akashauri nigawe kwenye ndoo zake kumi za mbege, ipoe upesi, ndivyo wanavyofanya kwao. Nikamjibu kwamba hii ni bia ya kitabu, si ya mgomba. Akazirudisha ndoo zake stoo. Nimelifunika pipa kwa magunia yaliyoloweshwa.

Jumatatu, 15 Agosti
Bado vuguvugu! Siku mbili, na hii ni Agosti ya kwetu Moshono, tunalala na masweta! Kitabu kinataka ipoe ndani ya saa moja. Kitabu hakijawahi kuona pipa. Nimetia chachu hivyo hivyo.

Pudensiana anamenya ndizi, rundo zima. Nimemuuliza za nini, akasema za nguruwe. Nguruwe tulimuuza Juni.

Jumatano, 24 Agosti
Nimeonja. Siki! Nikaongeza sukari. Siki tamu. Nimemwambia Pudensiana mambo yanakwenda vizuri. Naogopa. Mzee ana miaka sabini na tisa. Hatuna miaka mingine kumi na sita ya kununiana.

Jumapili, 28 Agosti
Mzee amefika, suti na fimbo. Nikamwamkia shikamoo baba, akaitika akitazama ukuta. Romanus akampangia makopo sita mezani. Mzee akasema hajatoka Machame kuja kunywa bati. Akauliza pombe ya mwenye nyumba iko wapi.

Nikajaza kata. Sasa, kwetu desturi haina mchezo: mwenye pombe huonja kwanza, mgeni aone haina ubaya. Ukikataa, umekiri sumu. Nikapiga funda. Machozi yakanilenga. Nikasema tamu. Mzee ananitazama tu, mkono hanyoshi. Funda la pili. La tatu. Nikamaliza kata nzima nimesimama wima, natabasamu kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Mzee akacheka mpaka fimbo ikamtoka mkononi. Akasema alishainusa tangu getini, na mtu anayeweza kumeza kitu kile kwa ajili yake si mkwe tena, ni mwanawe. Kisha akapiga funda lake moja, akafumba macho, akaniomba nisimwongezee.

Hapo Pudensiana akatoka stoo na mbege, ndoo kumi. Akaonja yeye kwanza, kisha ikazunguka mpaka benchi la mwisho, na ikabaki. Nimempenda mke wangu leo kuliko siku ya harusi. Nilimwambia hivyo mbele ya watu wote, nikajiona shujaa, kisha nikakimbilia chooni.

Jumatatu, 29 Agosti
Tumbo! Nimelala kutwa, kwa hiyo nimepata nafasi ya kufikiri. Baba ametualika Machame Krismasi, ukoo wote utakuwepo. Kosa langu nimeligundua: pipa lilikuwa dogo. Pipa si ndoo wala si kiwanda, liko katikati, na vitu vya katikati ndivyo vinavyochacha. Jamaldini ana tangi la lita elfu moja, nililiona kwa macho yangu. Kama bia mbovu imenipa baba, nzuri je? Pudensiana asijue. Kesho, tumbo likiruhusu, nakwenda Levolosi.