Mtaalamu wa Projekta

Jumatatu, 4 Juni 2018

Iandikwe, na vizazi vijavyo visome: leo saa nne na dakika kumi asubuhi, katika chumba cha walimu, mbele ya thamosi mbili za chai, mimi Mwongera nimetawazwa Mtaalamu wa Projekta wa shule hii. Nimejitawaza mwenyewe. Hakuna aliyepinga. Wote walikuwa na nduma mdomoni.

Ilikuwa hivi. Madam Igoki, mwalimu mkuu, alitangaza kwamba Ijumaa afisa wa elimu anakuja kuona masomo yakifundishwa kwa projekta. Kisha akatuangalia sisi wawili tulioajiriwa na bodi kwa muda, mimi na Madam Wawira. Muhula ujao pana nafasi ya mmoja tu. Atakayemridhisha afisa atabaki. Mwingine arudi kwao.

Kwetu ni Kaaga, Meru. Sirudi! Mama alishasimama kanisani akashukuru mbele ya watu wote kwamba mwanawe ni mwalimu huku Kibugu, Embu. Alitoa na mkungu wa ndizi. Zile ndizi zimeshaliwa.

Ndiyo maana nilisimama nikasema projekta kwangu ni kama jembe kwa mkulima. Mwalimu Kivuti wa hesabu akauliza kama huko Meru projekta hupandwa katikati ya miraa au peke yake. Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Nimewasamehe. Mtaalamu hana kinyongo.

Siri, na iishie humu: sijawahi kugusa projekta. Chuoni niliiona mara moja. Nilikaa nyuma ya nguzo.

Jumanne, 5 Juni

Projekta haiko shuleni. Tangu wezi waibe kengele, inalala kwa mwenyekiti wa bodi, Mzee Njoka, kwa usalama. Kwa usalama huohuo yeye na majirani huitumia kutazama mpira.

Nilienda na barua ya Madam Igoki. Nikaikuta sebuleni, juu ya stuli yake yenyewe, imevikwa kitambaa cha kufuma. Cheupe, maua ya njano pembeni, kimeshuka pande zote hadi chini kama gauni la komunio. Nyumba nzima imevikwa hivyo. Viti, redio, thamosi. Paka alinusurika kwa kuhama. Yote ni kazi ya mikono ya mkewe Mzee, Mama Wanjugu. Alinikabidhi mashine kama mtu anayekabidhi mtoto wa kubatizwa, akaniomba kitambaa kisichafuke. Mzee akaongeza kwamba irudi kabla ya Alhamisi ya wiki ijayo. Kombe la Dunia linaanza.

Hapo akili yangu ikafanya kazi. Mzee Njoka ndiye mwenye sauti kwenye bodi, na Ijumaa atakuwepo darasani. Atakayeheshimu kitambaa cha mkewe atakumbukwa. Nimeapa: kitambaa hakitoki!

Jioni nikapita saiba, duka la intaneti la sokoni. Somo langu ni Mlima Kenya. Nikaandika kwenye simu: mlima, theluji, Afrika. Nikachukua picha ya kwanza, nzuri ajabu, yule wa saiba akanihamishia kwenye flashi. Dakika nne. Wengine huita kipaji.

Jumatano, 6 Juni

Jaribio la kwanza, darasa la sita, baada ya wanafunzi kwenda nyumbani. Nilitafuta kitufe cha kuwashia kwa nusu saa, nikipapasa chini ya kitambaa kama mkunga. Ikawaka! Nilipiga kelele. Mama Teresia, mpishi, alikuja mbio na mwiko akidhani nimeumwa na nyoka.

Ukutani palitokea weupe. Weupe mtupu, umetulia. Mama Teresia alitazama kwa muda, akauliza kama hiyo ndiyo televisheni yenyewe.

Nimegundua tatizo. Ukungu. Kibugu mwezi wa sita ukungu huingia kila mahali: kwenye blanketi, kwenye chumvi, sasa umeingia kwenye mashine. Mtu asiye mtaalamu asingejua. Nimemwomba Mama Teresia tuiweke jikoni karibu na moto wa githeri ya mahindi na maharagwe ikauke. Alikubali, kwa sharti kwamba sitagusa sufuria zake.

Alhamisi, 7 Juni

Imekauka vizuri. Inanuka maharagwe. Ukutani bado weupe.

Madam Wawira alinikuta nikiipuliza. Akasema kwa upole kwamba naye alipita jikoni leo akaijaribu, na picha yake ilitoka safi. Akanishauri nitoe kitambaa.

Nilicheka moyoni. Huyu ni hatari! Anataka Mzee Njoka aingie darasani anikute nimekivua kitambaa cha mkewe na kukitupa kwenye kiti. Nikamjibu kwamba kwetu Meru tulifunzwa kuheshimu mali za akina mama. Akaniangalia, akasema haya Mwalimu, akaenda zake kusahihisha madaftari.

Lakini nimepeleleza. Aliijaribu asubuhi. Kumbe! Asubuhi ukungu haujapanda kutoka msituni. Nimemwendea Madam Igoki nikamweleza kitaalamu kwamba mashine hii hufanya kazi vizuri mapema, nikaomba nitangulie. Amekubali. Wawira hakupinga hata kidogo. Maskini, hajui kilichompata.

Ijumaa, 8 Juni

Nitaandika polepole, kwa sababu mambo yalikuwa mengi.

Afisa alikuja saa tatu. Jina lake Bwana Thuranira. Thuranira! Mtu wa nyumbani! Nikajua nimeshinda kabla chai haijamiminwa. Sala, chai, kitabu cha wageni, kisha darasani. Mzee Njoka mstari wa nyuma, kofia magotini. Mama Wanjugu naye alikuja, kwa ajili ya kitambaa nadhani.

Madam Igoki aliniinamia sikioni akauliza, Mwalimu, hicho kitambaa? Nikasema kwa sauti, ili Mzee asikie, kwamba kitabaki, ni kazi ya heshima. Mama Wanjugu akatabasamu. Kura hiyo!

Nikawasha. Weupe. Nikawaambia wanafunzi: huu ni Mlima Kenya.

Kisha msichana wa dawati la mbele, Cicily, akasimama akasema ni kweli, Mwalimu, ndivyo ulivyo mwezi huu, hata leo asubuhi ulikuwa hivyohivyo. Mwingine akasema ungoje mpaka saa kumi, huwa unatoka. Wakaanza kueleza wenyewe: vilele vimechongoka, theluji iko hapa, msitu unaanzia pale, mito inatoka kule. Walionyesha kwenye weupe ule kama mtu anayeonyesha shamba la baba yake. Afisa alikuwa anaandika. Anaandika! Sijawahi kufundisha vizuri hivyo, na sikuwa nimefungua mdomo.

Ikaja zamu ya Wawira. Alimsogelea kwanza Mama Wanjugu, akamwomba ruhusa. Akakitoa kitambaa, akakikunja mara nne, akampa mwenyewe akishike. Mzee Njoka akasema kwa sauti kwamba hata kwake huwa wanakitoa, mpira utauonaje?

Jani la chai likajaa ukutani. Kijani, mishipa yote, na tone la umande. Watoto wa wakulima wa chai wakasogea mbele kwenye madawati. Wakaeleza majani mawili na kichipukizi, wakaeleza kwa nini jani kubwa hukataliwa kwenye kituo cha kununulia chai. Mzee Njoka naye aliinua mkono kujibu. Aliruhusiwa.

Ningeweza bado kuokoka. Lakini Bwana Thuranira akasema sasa, kwa kuwa ukungu umeondoka, tuuone tena ule mlima wa Mwalimu Mwongera.

Ukatokea. Mpana, juu umelala bapa, theluji kama sukari. Mbele yake ndovu watatu.

Cicily akasema, pole Mwalimu, lakini huu si wetu.

Sikutetereka. Nikaeleza kwamba mlima una pande nyingi. Wao wanauona kwa upande wa Embu. Sisi watu wa Meru tunauona kwa upande ule mwingine. Bwana Thuranira akakohoa, akasema yeye alizaliwa Kaaga na kukulia Kaaga, akauliza ndovu hao mimi huwaona nikisimama wapi. Nikasema inategemea mwezi.

Kivuti alitoka nje kucheka. Nilimsikia hadi kwenye choo.

Saa nane Madam Igoki aliniita ofisini. Alisema mengi mazuri kuhusu juhudi zangu. Wawira anabaki.

Jumamosi, 9 Juni

Kaaga. Mama nimemwambia niko likizo ya kitaalamu. Amefurahi, anataka kwenda kushukuru tena kesho. Ameshachagua mkungu.

Nimetafakari kwa utulivu. Kosa halikuwa langu. Somo lilikwenda vizuri kabisa mpaka kitambaa kilipotolewa. Nilisema tangu mwanzo kisitolewe! Mama Wanjugu mwenyewe aliniaga akinipa kipya, cha bluu, kwa projekta yangu ya baadaye. Huyo mama anajua kazi.

Mchana nimeandika barua kwa shule nne za hapa mjini. Mtaalamu wa Projekta, mwenye uzoefu wa maeneo ya ukungu. Kila barua nimeibandikia ile picha, kubwa, ya rangi, na chini yake nimeandika: Mlima Kenya kutoka upande wa Meru. Nimezipeleka zote kwa mkono.

Jioni nimemwonyesha dada yangu Makandi picha hiyo kwenye simu. Ameitazama akiwa anamenya viazi.

Amesema huo ni Kilimanjaro. Uko Tanzania.