Miche ya Shemeji Chini ya Maji

Ijumaa, 14 Julai
Shekhe Babikir wa kamati ya msitu katangaza baada ya swala. Kile kipande cha ardhi ya msitu ukingoni mwa mto Nili, alicholima marehemu baba matikiti, atapewa mmoja wetu: mimi au shemeji Hasaballa, kaka wa mke wangu. Atakayekuwa na miche ya migunga iliyo hai mafuriko yakishapita, ndiye. Kazi rahisi! Mimi nimepanda juu mwinukoni, pakavu. Hasaballa kapanda bondeni, topeni. Nimempa pole mapema.

Ijumaa, 18 Agosti
Nili imefura. Bonde zima ni ziwa. Miche ya Hasaballa haionekani hata ncha. Nilikwenda kumfariji, nikamaliza birika lake la chai. Akaniambia, "Shemeji, mgunga si paka, hauogopi kuoga." Maskini! Huzuni humtia mtu maneno.

Jumatano, 20 Septemba
Bado ziwa. Samaki wanapita juu ya miche yake. Awadiya, mke wangu, kaniuliza mbona majani ya miche yangu yanageuka njano. Nikamwambia ni dalili ya kukomaa. Akaenda kucheka jikoni. Alicheka kupita kiasi.

Jumapili, 22 Oktoba
Balaa! Maji yameshuka, mvua imekatika, mwinuko umepasuka nyufa za kumeza mkono. Miche yangu imekuwa miswaki. Bondeni kwake ni vijiti vitupu vilivyopakwa tope. Nikakwaruza kimoja kwa ukucha. Kijani! Kilikuwa kimelala tu. Kamati iko njiani kuja. Nimewaza, nikapata: mbuzi wa Awadiya. Hawabagui chochote wale.

Jumatatu, 23 Oktoba
Wamebagua. Walinusa vile vijiti vya tope, wakanitazama mimi. Kumbe Awadiya kawashibisha maganda ya mgunga, mbegu na vyote! Wakajilaza topeni kwa Hasaballa, wakicheua, wakitema mbegu, na mengine sitayaandika. Hasaballa alipita, akauliza kama nimewaleta kuogelea. Nikasema wanabadilisha hewa. Nitawaleta kila siku. Njaa itawashika tu.

Alhamisi, 9 Novemba
Kamati imekuja. Vijiti vya Hasaballa vyote vimechipua. Si hivyo tu: kila walipolala mbuzi pameota miche mipya, imesongamana kama ufuta uliomwagika. Shekhe Babikir akasema mbegu ya mgunga ina gamba gumu, lakini tumboni mwa mbuzi hulainika. Akauliza ni nani huyu mwenye busara aliyeleta mbuzi. Hasaballa akanishika bega mbele ya watu wote. Akasema, "Shemeji yangu huyu. Kanilimia shamba kwa moyo mmoja." Nikapigiwa makofi. Kipande kapewa yeye.

Baadaye akanifuata. Akasema nije nipande matikiti katikati ya miche yake, mpaka itakapotoa kivuli, maana pale ni pa baba yangu na yeye halali usingizi akiniona nimenuna. Macho yaliniwasha. Vumbi, bila shaka.

Ijumaa, 10 Novemba
Nimefikiri kwa utulivu, kosa nimeliona. Ule mwinuko ulikuwa mfupi. Leo alfajiri nimezipeleka mbegu zote za matikiti juu kabisa kilimani, nyuma ya makaburi. Hasaballa alinikimbilia akihema, akapiga kelele kwamba huko maji hayafiki kamwe.

Nikamwambia ndiyo maana.