Gia, Mawese na Harusi ya Anisha

Jumatatu, 16 Juni

Pikapu imeanza ukorofi. Kwenye mlima wa kutoka Giheta injini ilinguruma kwa nguvu zote, gari lenyewe likatembea kama mtu aliyelazimishwa. Mwenye baiskeli alinipita. Alinipungia mkono!

Nikapitia kwa Fredi, fundi wa Magarama. Akachomoa kijiti cha kupimia, akanusa, akasema mafuta ya gia yameungua, yabadilishwe. Nimwachie gari siku mbili. Siku mbili za kumwaga mafuta na kutia mengine! Akaongeza masharti: yapimwe yatakayotoka, kirudishwe kiasi kile kile, kisha injini iwashwe ipate moto, ndipo kijiti kisomwe tena. Nikamshukuru vizuri, nikaondoka. Nitafanya mwenyewe nyumbani. Nimeangalia video mara mbili. Yule jamaa wa kwenye video anafanya huku anapiga mluzi.

Mtaani kwetu Nyamugari hakuna pikapu nyingine ya gia za otomatiki. Ni yangu peke yangu. Fredi anaogopa tu asichokijua.

Jioni alipiga simu baba mkwe, Mzee Bahadurali, mwenye duka la vitambaa kule Muyinga. Jumamosi anamwoza Anisha, mdogo wake mke wangu Zeba. Kabati, kitanda na viti vya bibi harusi vimechongwa hapa Gitega, na mimi ndiye wa kuvifikisha, Ijumaa kabla ya alasiri. Mzee akauliza kama gari liko sawa, ama amwambie Shahzad alete lori lake. Shahzad ni mume wa dada yake Zeba. Hakosei kitu. Ni mtu wa kuchosha sana. Nikamjibu mzee kwamba gari ni zima kuliko mimi. Akaniuliza tena.

Mwaka wa tisa huu nimemwoa binti yake, na bado ananiita "yule wa Gitega". Ijumaa ataniita kwa jina.

Jumanne, 17 Juni

Nimenunua mafuta ya gia. Muuzaji anayachota kwenye pipa, mteja anakuja na chombo chake. Nilichukua bidoni ya njano ya Zeba, ya lita kumi. Mafuta mekundu, mazuri, yanang'aa. Muuzaji akanishauri niandike juu ya bidoni ni kitu gani. Akanipa hata kalamu. Nikamrudishia. Niandike ya nini? Nina macho.

Video inasema vumbi ni adui wa gia. Na Juni hii vumbi liko kila mahali, hata kwenye chai. Mahali safi pekee nyumbani ni stoo ya jikoni. Nikaiweka humo, kando ya bidoni nyingine ya njano. Ile ni mawese ya Rumonge, Zeba kamnunulia mama yake kwa ajili ya isombe, kisamvu chetu, na maharage ya harusi. Mama mkwe ni mzaliwa wa Rumonge, hawezi kulisha wageni bila mawese. Zeba atayatuma kesho alfajiri na jirani yetu Layla, anayekwenda Muyinga.

Nimelala mapema. Kesho ni siku ya mafundi.

Jumatano, 18 Juni

Ushindi! Nimelala chini ya gari tangu saa tatu, juu ya karatasi za boksi. Nati ya kwanza ilikataa. Ya pili ilinidondokea jichoni. Mafuta ya zamani yakatoka meusi, yananuka, nusu kwenye sufuria ya pilau, nusu kifuani kwangu. Nilikuwa nimekusudia kuyapima, kama alivyosema Fredi. Lakini nilipotoka chini ya gari niliipiga sufuria teke. Basi. Kipimo kikanywewa na ardhi.

Nikaenda stoo. Bidoni imebaki moja, Layla keshaondoka na ile nyingine. Nikaleta faneli ya jikoni nikaanza kumimina. Hayashuki! Mazito kama uji. Nikafikiri: mafuta ya gari la Japani, tena otomatiki, hayawezi kuwa mepesi kama ya cherehani. Nikawasha mbabula, jiko letu la makaa, nikayapasha moto. Yakalainika mara moja, na harufu yake nzuri ajabu, kama ya maharage ya sikukuu. Hawa Wajapani wanajua kazi.

Nimetia mpaka nafsi ikaniambia inatosha. Fredi alisema niwashe injini. Siwashi ng'o. Wiki mbili nimepanga foleni ya mafuta ya petroli, na niliyo nayo yanatosha Muyinga kwenda na kurudi, hayabaki hata ya kupasha injini moto uani. Kijiti nitakisoma asubuhi.

Nimempigia Fredi kumjulisha kwamba nimemaliza kwa siku moja. Akauliza kama nilipima. Nikamwambia mtandao si mzuri.

Alhamisi, 19 Juni

Naandika usiku, viatu bado miguuni.

Asubuhi baridi kali. Nikachomoa kijiti. Kimejaa kitu cha rangi ya chungwa, kigumu, kama siagi. Nikainama chini ya gari. Matone niliyomwaga jana yameganda kwenye mawe, na kuku wa jirani wanayadonoa kwa furaha. Nikachukua kidogo kwa kidole. Nikaonja.

Mawese!

Kwanza nikalia kwa ajili ya gia. Halafu wazo la pili likanijia, nikakaa chini. Kama mawese yako kwenye gari, basi Muyinga wamepelekewa nini?

Simu ya mama mkwe imezimwa. Nikampigia mzee. Kabla sijasema neno akaniambia hana nafasi, wageni kutoka mji wa Ngozi wameshafika, na isombe iko motoni tangu alfajiri. Akakata. Yampayinka! Watu arobaini! Nikawaona wote wamejikunja, na bibi harusi ananyoosha kidole, na mzee anamwambia polisi: ni yule wa Gitega.

Zeba nikamdanganya kwamba nakwenda kupima mlango kama kabati litapita. Akaniangalia, akaangalia mbabula. Nikapanda gari la abiria mpaka Karuzi, pale nikaunganisha. Njia nzima nilisoma kila dua ninayoijua, na nyingine nusunusu.

Kufika langoni, mtu wa kwanza kumwona ni mzee mmoja mgeni, amelala chali barazani, mkono juu ya tumbo, mdomo wazi. Nikamwinamia. Akakoroma. Kumbe ameshiba!

Mama mkwe alikuwa jikoni, mzima, anakoroga chungu. Nikaropoka kila kitu, gia, video, mbabula, sufuria. Alinisikiliza bila kuacha mwiko.

"Ile bidoni yako iko nyuma ya mlango," akasema. "Niliifungua jana ile ile. Baridi hii ya Muyinga, mawese inaganda, mkwe. Hii yako ilikuwa inakimbia tu kama maji. Nikanusa, nikajua si ya kula. Nikaagiza mawese ingine sokoni."

Isombe haikuguswa na mafuta yangu. Hakuna aliyekufa. Hakuna hata aliyehara! Nikakaa juu ya gunia la mchele nikalia kama mtoto, kwa raha. Ninavyojijua, sijawahi kufurahi hivi, hata siku ya harusi yangu. Mzee akapita, akaniona, akadhani nimeguswa na ndoa ya Anisha. Mama mkwe hakumsahihisha. Mungu ampe maisha marefu.

Kumbe tone moja la mafuta yangu lilitumika: mama mkwe amelainishia bawaba za lango. Halilii tena. Nikala sahani tatu, nikarudi Gitega na bidoni yangu mapajani.

Ijumaa, 20 Juni

Nimemwita Fredi. Nimemwita mwenyewe, kwa heshima, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Alipochungulia chini ya gari mabega yakaanza kumtikisika. Alishika ukuta.

"Fredi, usicheke," nikamwambia.

"Mi sicheki, mi nalia tu," akajibu, na kweli machozi yalikuwa yanamtoka. "Bon. Uliwasha injini?"

Nikasema hapana. Akaacha kucheka. Akaniambia ningewasha hata dakika tano, mawese yangeingia kila mahali na gia ingekwisha kabisa. Kilichoniokoa ni kutomsikiliza. Hiyo sikumwambia kwa sauti, lakini naiandika hapa.

Mawese hayakutaka kutoka. Ikabidi tuweke mbabula ya makaa karibu na chuma mpaka yalainike. Zeba akatokea mlangoni, akauliza leo maharage yapikwe bila mafuta ama tuyaingize garini. Kumbe anajua yote. Fredi akafungua karai la chini ya gia, yanamokaa mafuta, akalipangusa kwa matambara, akatia mafuta yangu kidogokidogo, akawasha, akasoma kijiti, akaongeza, akasoma tena. Mawese aliyachukua, mkewe Jovina anapika sabuni. Akaapa hatamwambia mtu. Jovina, alisema, si mtu, ni mke.

Saa nne tukapakia kabati. Gari likapanda milima yote ya Karuzi bila kulalamika. Saa nane kasoro nikaingia Muyinga, lango likafunguka kimya. Shahzad alikuwa amesimama uani, funguo za lori mkononi. Funguo za lori! Nikampita polepole, dirisha wazi.

Mzee Bahadurali akalizunguka kabati. Hakuna mkwaruzo. Akaniangalia.

"Karibu ndani, Uthmani," akasema.

Hilo jina nimeliandika hapa ili lisipotee.

Jumapili, 22 Juni

Harusi imepita vizuri. Anisha alilia kiasi, mama yake zaidi. Mzee ameniita kwa jina mara nne, moja mbele ya watu. Donge la miaka tisa limenitoka.

Kabla ya kulala mama mkwe alinivuta pembeni, akaniambia kwa upole kwamba siku nyingine niandike juu ya bidoni. Nikamwahidi.

Asubuhi hii Shahzad, yule asiyekosea, aliniuliza ni nani aliyenitengenezea gia. Nikamwambia mimi mwenyewe, nyumbani. Akaniangalia kwa jicho jipya. Halafu akakiri kwamba breki za lori lake zimekuwa laini, na garaji ya hapa inataka siku mbili. Siku mbili! Nikacheka. Kuna video.

Mafuta ya breki tumeshanunua. Kopo lilikuwa linavuja, nikayahamishia kwenye chupa safi ya maji. Yana rangi ya dhahabu, mazuri. Nimeyaweka jikoni kwa mama mkwe, vumbi lisiyafikie, kando ya chupa ya mafuta ya alizeti. Kalamu sikuiona. Lakini alizeti iko kushoto, na mimi nina macho.